Kiwango cha Mama

Jumatano, 4 Septemba

Leo nimekaa rasmi kwenye meza ya riba. Mwenzangu Miwani kaenda likizo ya uzazi, kaniachia kiti kinachoyumba, kikombe chenye ufa na kazi ambayo ofisi nzima inasema ni rahisi. Nikisikia "rahisi" naanza kutafuta mlango.

Kazi ni hii. Tunasimamia hatifungani moja ya kampuni ya maji – kampuni imekopa kwa watu wengi, kila mmoja kapewa hati yake. Kwenye hatifungani za kawaida riba ni ileile toka siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Hii ni ya riba inayobadilika. Kila Jumatano inapangwa upya: unachukua kiwango rejea, yaani riba ya mahali pengine ambayo pande zote zimekubali kuitazama, unaongeza mbili juu yake, unatangaza. Basi.

Kiwango rejea chetu kinatoka benki mama, ile inayotumiliki. Sasa Wakili wetu, ambaye anaongea kama vile Kiswahili alikizaa yeye, aliona uvivu kuandika "benki mama" kila mstari. Akaandika mara moja tu: "ambayo kuanzia hapa itaitwa Mama." Kwa hiyo waraka mzima unasomeka hivi: kiwango rejea maana yake ni kiwango kitakachotajwa na Mama, kwa simu, saa tano asubuhi. Ofisi imegeuza utani. Mkuu kachungulia mlangoni: umempigia Mama?

Nikapiga namba iliyo kwenye waraka. Mwanamke akapokea hata haijaita. Hakusema haloo. Nikajitambulisha, nikauliza kiwango cha leo. Akasema saba nukta nne. Sauti ya mtu anayeongea ndani ya kabati lililojaa nguo. Nikashukuru, kumbe ameshakata.

Saba nukta nne na mbili, tisa nukta nne. Nikatangaza. Nimeihifadhi ile namba kwenye simu yangu: Mama wa Kazini.

Jumapili, 8 Septemba

Mama kaniuliza hasa nafanya nini huko siku hizi. Nikamweleza huku nakata vitunguu. Yeye ni fundi cherehani, kastaafu kwa sababu ya macho, lakini bado hataki kuelezwa kitu mpaka akishike kama kitambaa. Nikamwambia: hatifungani ya riba moja, dunia ikibadilika bei yake inapanda au inashuka, maana watu wanaikimbilia au wanaikimbia. Hii ya kwetu bei inakaa karibu palepale. Riba ndiyo inayopanda na kushuka kwa niaba yake.

Akafikiri. Akasema, kwa hiyo karatasi imetulia kwa sababu kuna mwingine anahangaika.

Bora wangemwajiri yeye.

Nikamweleza na sakafu na dari. Waraka unasema kiwango rejea hakitashuka chini ya nne, hata soko lianguke vipi. Hiyo ni sakafu. Wala hakitavuka kumi na tano. Hiyo ni dari. Akasema kumbe ni nyumba. Nikasema ndiyo, na mwenye nyumba anaitwa Mama. Hilo lilimkolea, akamsimulia Nesi wa ghorofa ya chini alipopanda kuleta vidonge, akatia na chumvi. Sasa Nesi anadhani Mama ana hisa kwenye kampuni ya maji.

Jumatano, 11 Septemba

Hapa kwetu hatuulizani umeamkaje. Toka daktari amwambie Mama apime sukari kila asubuhi, anajichoma kidole akiwa kitandani – sindano hazimtishi, kaishi nazo – halafu ananitajia namba kwa sauti kupitia ukutani. Ikiwa nzuri namjibu marahaba, naye ananisema kwa kujifanya mkubwa wake. Ikiwa mbaya namuuliza soda kaificha wapi.

Leo: nane nukta moja. Nikauliza soda. Akajifanya hasikii.

Saa tano nikampigia Mama wa Kazini. Nane nukta moja.

Nilicheka mpaka Mkuu akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna, Mama kapanda. Akasema tangaza, wenye hatifungani watafurahi, kampuni ya maji itanuna.

Jioni nikachukua kile kipimo cha Mama. Kinahifadhi namba za nyuma. Nikarudi kidogo kidogo mpaka Jumatano iliyopita.

7.4.

Nimekirudisha mahali pake. Namba ni namba tu. Watu wangapi leo wana nane nukta moja ya kitu fulani?

Jumatano, 18 Septemba

Asubuhi nilimwambia Mama asinitajie. Akauliza nimeota nini. Nikasema nataka tu. Nikaondoka bila kujua.

Saa tano: sita nukta tatu. Palepale nikampigia Mama, Mama wangu, nikamuuliza leo alipata ngapi. Akasema si ulisema nisikutajie. Nikambembeleza. Sita nukta tatu, akasema, na mbona unahema?

Nikamwambia nimepanda ngazi, nikakata.

Halafu Mkuu akaja, hana raha. Kapigiwa na watu wawili. Mbona kiwango kinaruka hivi kila wiki, soko lenyewe limetulia, Mama kaamkia upande gani? Nikamwambia mimi natajiwa, natangaza. Akasema Miwani hakuwa na mambo haya.

Nikampigia Miwani. Mtoto analia kwa nyuma. Nikamuuliza yule mwanamke wa kiwango anaitwa nani. Akauliza mwanamke yupi. Yeye hajawahi kupiga simu hata siku moja – kiwango alikuwa anakichukua kwenye ukurasa wa benki, mtandaoni, Jumatano asubuhi. Nani ana muda wa kupiga simu zama hizi?

Nikamuuliza kilikuwa ngapi kwa kawaida. Akasema saba. Saba kamili. Siku zote? Akasema, unajua, sasa unavyouliza… siku zote.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimekwenda benki mwenyewe. Dada wa idara ya hazina kanipokea vizuri, kanipa maji ya baridi. Nikamuuliza kiwango chao wanakipangaje. Akanitolea macho. Sisi? Sisi tunakichukua kwenu. Mnatangaza Jumatano, tunatoa zile mbili mlizoongeza, tunakiweka kwenye ukurasa.

Nikamwambia na sisi tulikuwa tunakichukua kwenye ukurasa wenu.

Akafungua ukurasa wao, nami matangazo yetu, tukalinganisha wiki kwa wiki.

Mwaka mzima! Wanachukua kwetu, tunachukua kwao, saba ikizunguka kama nzi ndani ya chupa. Riba inayobadilika haijabadilika mwaka mzima na hakuna aliyeshtuka. Watu walikuwa wanalisifu soko kwa utulivu.

Nikamwonyesha ile namba ya kwenye waraka. Akaitambua, ni ya chumba cha zamani cha juu, enzi ambazo kulikuwa na mtu wa kutaja viwango. Huyo mtu? Aliondoka kabla yeye hajaajiriwa. Tukapanda. Chumba kinapakwa rangi: ndoo, ngazi, magazeti sakafuni. Simu ipo chini kwenye kona, waya wake umezungushwa kwenye simu yenyewe, haujachomekwa popote. Hata tundu la ukutani wameshaliziba kwa plasta.

Dada akaniambia hebu piga. Nikapiga kwa simu yangu. Ile ya sakafuni haikutoa hata mlio. Sikioni mwangu imepokelewa.

Leo si Jumatano, yule mwanamke akasema. Akakata.

Dada akauliza wamesema nini. Nikamwambia namba haipatikani. Sijui kwa nini nilidanganya. Nafikiri niliona aibu, kama mtu aliyekutwa anaongea peke yake.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimemweleza Mkuu yote, isipokuwa ya sukari. Kasikiliza huku anakunja klipu ya karatasi mpaka ikakatika. Akauliza: waraka unasema Mama atataja kwa simu? Ndiyo. Umepiga simu namba iliyoandikwa? Ndiyo. Ametaja? Ametaja. Akasema basi, huo ndio ufafanuzi, sisi si polisi. Tukianza kufukua ya mwaka jana tutazikana wote humu.

Kisha akafunga mlango, akaniuliza taratibu ni sauti ya mtu wa namna gani. Nikamwambia ya mama wa makamo, mtulivu. Akasema hilo angalau ni afadhali. Afadhali ya nini, hakusema.

Jumatano, 25 Septemba

Nitaandika kwa utaratibu, la sivyo kesho sitaamini.

Asubuhi nilimwomba Mama asipime. Nikamwambia mpaka nirudi. Akaona ni mzaha, akakubali, akasema kidole chake kinashukuru. Nilitaka kujua tu. Nilitaka kujua yule mwanamke akikosa pa kuchukua atasema nini.

Saa tano nikapiga. Akapokea. Nikauliza kiwango. Akasema:

Bado hajapima. Piga baadaye.

Nikampigia Mama, simu ikaita bila kupokelewa. Nikapiga tena, vilevile. Nikampigia Nesi, yuko zamu. Nikachukua mkoba, nikafika kwenye lifti, simu yangu ikaita. Mama. Anaongea polepole, kama mtu aliyetolewa usingizini. Alikuwa jikoni, akaanza kutoka jasho, mikono ikatetemeka, akaona bora apime tu hata kama nimemkataza. Nne kamili. Akala vijiko viwili vya sukari, sasa yuko sawa, nisikimbie kwenye ngazi kama kichaa.

Akaongeza kitu kimoja. Alipokuwa anakwenda chini, kuna mtu alimshika kwapani. Hakumwinua. Alimzuia tu pale alipofika.

Nikarudi mezani. Nikapiga tena. Akasema nne. Kisha, bila kuulizwa – sikuwahi kumsikia akisema neno la ziada Jumatano – akasema: ilikuwa inakwenda chini zaidi, lakini sakafu ni nne.

Nikatangaza sita. Mkono wangu uliandika wenyewe.

Ijumaa, 27 Septemba

Jana na leo tumekuwa kwa daktari. Kapunguza vidonge, kasema mwili umebadilika, ale kwa wakati, tusiwe na wasiwasi. Mama anakula kwa wakati. Asubuhi nne. Mchana nne. Baada ya sahani nzima ya wali, nne.

Nesi kapanda kuangalia. Akapima mara tatu, akasema kipimo kimeganda. Akashuka kuchukua cha kwake. Nne. Akajipima yeye, kikasoma tano na ushee, kizima kabisa. Akampima Mama tena. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda akikitazama. Kwa jinsi ulivyolegea, akamwambia, ulitakiwa uwe chini sana ya hapa, ulitakiwa usiwe unaongea na mimi.

Mama akasema samahani kwa usumbufu.

Nesi hakucheka. Kwenye korido akanishika mkono, akaniambia nisimwache peke yake. Kuna kitu kinamshikilia, akasema, na mimi sikijui.

Mimi nakijua. Ni ibara moja kwenye waraka wa kampuni ya maji. Wakili aliiandika kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana.

Jumatatu, 30 Septemba

Mkutano. Mkuu, Wakili, watu wa kampuni ya maji, mwakilishi wa wenye hatifungani, mimi pembeni na biskuti.

Kampuni ya maji inataka sakafu iondolewe. Kiwango kimeshuka mpaka nne, wanasema, na kwa dalili zote kingeshuka zaidi, kwa nini walipe riba ya kubuni? Mwakilishi akasema sawa, iondoke, lakini basi na dari iondoke, ili siku kikipanda wateja wake wafaidi. Wakapeana mikono. Sakafu imetoka, dari imetoka, kuanzia Jumatano saa tano. Kuhusu kumbadilisha Mama kama kiwango rejea, hilo litasubiri mkutano wa wenye hatifungani mwakani.

Nikasema hapana. Nilisimama kabisa. Wote wakanigeukia. Nikasema sakafu inalinda watu. Mwakilishi akauliza watu gani, wateja wake wameridhia. Nikasema kuna watu ambao hawamo kwenye chumba hiki. Mkuu akanitazama jicho la kuniambia nikae. Nikakaa. Ningesema nini? Kwamba Mama ni mama?

Wakili peke yake alinifuata baadaye, na waraka mpya. Akadhani nina wasiwasi wa kiufundi, akanituliza: usijali, hakuna pengo, nimeweka kifungu cha akiba. Akanionyesha. "Endapo Mama atashindwa kutaja kiwango, Mtoto atataja kwa niaba yake, na kiwango hicho kitakuwa cha mwisho." Mtoto ni nani? Akacheka kwa kujipenda. Kampuni tanzu, yaani sisi. Kama yeye ni Mama, sisi tutakuwa nani? Na kwa vitendo ni meza ya riba.

Yaani ni mimi.

Palikuwa na nafasi ya saini yangu. Niliacha kalamu mezani nikatoka. Nilipopita tena, Mkuu alikuwa ameshatia ya kwake juu ya jina la meza yangu. Hakukasirika hata kidogo. Akaniambia nikapumzike, naonekana nimechoka.

Jumanne, 1 Oktoba

Nne. Nne. Nne.

Nimemweleza Mama kila kitu. Nilitarajia acheke, au aniambie niache kazi nitafute mume. Alisikiliza huku anapitisha vidole kwenye upindo wa shuka, akitafuta mahali palipofumuka. Mwishoni akauliza: kama ni mimi ninayetaja, mbona siulizwi?

Nikamtungia uzi kwenye sindano.

Akauliza huyo mwanamke anaongeaje. Nikajaribu kuigiza, ile sauti ya kabatini. Mama akanitazama sana. Akasema, hivyo ndivyo ninavyojisikia nikiongea siku hizi. Kwa mbali hivyo.

Naogopa. Naandika neno lenyewe kwa sababu mchana kutwa nimelizunguka. Sitaki Mama afe. Sitaki afe kwa sababu ya soko, wala kwa sababu Wakili aliona uvivu kuandika neno moja zaidi. Kesho siendi kazini. Atakayetaka kutangaza atangaze.

Jumatano, 2 Oktoba

Nesi kanitoa chumbani. Kasema namsumbua. Niko kwenye meza ya jikoni, naandika kwa sababu mkono ukiandika unatulia. Gari la wagonjwa limesema linakuja.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Nne, akala, akaniambia nimfungulie dirisha. Nesi hana zamu leo, alikuwa amekaa naye wanawasengenya watu wa ghorofa ya pili. Nilikuwa nikiitazama saa ya ukutani kwa jicho moja na Mama kwa jicho lingine. Ilipofika saa tano aliacha sentensi katikati. Hakuanguka, alikuwa ameshalala. Alikwenda chini tu, kama mtu aliyeondolewa ubao miguuni. Macho yamefunguka, yeye mwenyewe hayupo.

Nesi akampima. Hakuna namba. Kipimo kinaandika herufi mbili, maana yake ni chini kuliko kinavyoweza kusoma. Akampaka asali kwenye fizi, akatoa sindano, mshipa ukakataa, akanifukuza.

Simu yangu ikaita. Kwenye kioo: Mama. Siyo Mama wa Kazini – Mama. Simu ya Mama iko hapa mbele yangu kwenye bakuli la funguo, imezimwa toka jana.

Nikapokea. Sauti ileile. Akasema Mama hajataja. Saa tano imefika. Mtoto ataje.

Nikamwambia mimi si Mtoto wa kwenye waraka, mimi ni mwajiriwa, nina siku moja ya ruhusa. Akasema Mtoto ataje.

Nikamuuliza nikitaja kubwa sana? Akasema hakuna dari. Ndogo sana? Hakuna sakafu.

Nikapiga kelele mlangoni: Nesi, inatakiwa iwe ngapi? Akanijibu kwa hasira kwamba hata tano angeshukuru, sita ndiyo kabisa, na niache maswali. Nikarudi kwenye simu. Nikasema sita.

Sita, akarudia.

Chumbani Nesi kasema kitu ambacho sikukisikia vizuri, kisha kakisema tena kwa sauti. Sita. Inasoma sita, na mshipa hata sijaupata! Halafu nikasikia kitanda kikilia, na Mama anakohoa, anauliza nani kampaka mavitu mdomoni.

Nilitaka kukata simu nikimbilie huko. Nilikuwa nimeshainuka. Yule mwanamke akasema: subiri. Nithibitishe kuwa ndicho cha mwisho?

Nikakaa tena.

Cha mwisho. Kile kifungu! Sijui kinasema nini. Kama maana yake ni kwamba hakuna atakayekipinga, athibitishe hata mara kumi, Mama atabaki na sita mpaka azeeke. Na kama maana yake ni kwamba hakuna kingine kitakachofuata? Nikikataa je, hii sita inarudishwa?

Nimemwambia anisubiri. Kasema yuko. Nimeiweka simu juu ya meza, nasikia pumzi zake. Nimeiwasha ya Mama, nimempigia Wakili, namba yake iko chini ya nakala ya waraka niliyokuja nayo nyumbani. Imeita muda mrefu. Amepokea. Nimemuuliza: pale ulipoandika "cha mwisho", ulimaanisha kisichobadilishwa, au kisichofuatiwa na kingine?

Nasikia anafunua karatasi.

Anasema, kwani si ni kitu kimoja?

Chumbani Mama anauliza naongea na nani. Kwenye simu iliyo mezani, kabla Mama hajamaliza, yule mwanamke naye ananiuliza hivyohivyo